Mfupa Uliopelekwa kwa Walio Hai

Zamani hizo, chuma kilipokuwa hakijajulikana na watu wa bonde la Mto Manjano wakipigana kwa shaba nyeusi, palikuwa na ufalme mdogo uitwao Danfu. Mtu mwenye miguu mizuri aliweza kuuvuka kwa siku tisa. Wafalme wake hawakuanza vita, wala mavuno, wala ndoa, pasipo kuwauliza kwanza mababu zao waliokwisha kufa. Swali lilichongwa juu ya mfupa wa bega la ng'ombe. Kisha kuhani aliugusa mfupa kwa kijinga cha moto mpaka ukalia na kupasuka, na ule ufa ndio ulikuwa jibu.

Mchongaji wa maswali hayo aliitwa Zhuo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, macho yake mekundu daima kwa vumbi la mifupa, na tangu mkewe afariki hakuna aliyemwona akikaa mahali pamoja kwa raha. Akila, kidole chake cha shahada kilichora alama juu ya paja. Akilala, aliamka kabla ya jogoo na kuzunguka ua wa hekalu kama mtu aliyepoteza kitu.

Hekaluni walimfundisha habari za Cang Jie, mwenye macho manne, aliyekuwa karani wa mfalme wa kale kuliko wafalme wote. Siku moja Cang Jie alitazama ardhi yenye matope, akaona nyayo za ndege na za paa, akatambua kwamba mtu anaweza kumjua mnyama asiyekuwapo kwa alama aliyoiacha. Hapo ndipo alipobuni maandishi. Siku hiyo mbingu zilinyesha nafaka badala ya mvua, na mizimu ikalia usiku kucha. Makuhani wa Danfu walisema mizimu ililia kwa kuogopa kwamba walio hai sasa watasemezana wao kwa wao na kuwasahau wafu. Kwa hiyo ikawekwa sheria: alama ni za wafu peke yao. Atakayechonga alama kwa ajili ya macho ya mtu aliye hai atakatwa mkono, kisha kichwa.

Zhuo aliitii sheria hiyo miaka ishirini na mitatu, lakini haikumkaa moyoni. Aliona kwamba Cang Jie hakutazama nyayo za paa kwa kuwafikiria wafu. Neno hilo alimwambia mtu mmoja tu, Lun, mchongaji mwenzake waliyekua pamoja hekaluni, na Lun alimsihi asilirudie.

Ikatokea kwamba Waqiu, watu wakali wa magharibi, walifunga njia ya kwenda kwenye machimbo ya shaba. Mfalme akatuma askari elfu tatu chini ya wakuu wawili. Bibi Rong, shangazi yake, alitangulia na watu mia nane akaishika ngome ya Shikou. Bwana Peng alibaki nyuma kwenye kivuko cha mto, mwendo wa siku tatu, akisubiri mwezi uandame ndipo amfuate. Kila mkuu alipewa kuhani na mchongaji, ili mababu waulizwe hata vitani. Lun alikwenda na Peng. Zhuo alikwenda na Bibi Rong, pamoja na Kuhani Ji, mzee mwenye sauti kavu aliyekuwa mwalimu wake.

Siku kumi na mbili baadaye Shikou ilikuwa imezingirwa pande tatu, na upande wa nne ulikuwa jabali tupu.

Asubuhi hiyo Bibi Rong aliwaita Ji na Zhuo juu ya ukuta. Alikuwa amevaa deraya ya ngozi ya kifaru, chepeo amekishika kwapani, na shoka lake la shaba likining'inia kiunoni. Alikuwa hajalala, lakini nywele zake zilikuwa zimefungwa vizuri.

"Nimetuma wajumbe watatu kwa Peng," alisema. "Vichwa vya wawili mmeviona vikirushwa ndani. Wa tatu alikuwa na kipande changu cha jiwe la kijani, ambacho Peng ana nusu yake ya pili, apate kumtambua mjumbe wangu. Sasa kipande hicho kiko mikononi mwa Waqiu."

"Basi watampelekea maneno ya uongo," alisema Zhuo.

"Wamekwisha kumpelekea, naamini. Na huyu hapa ameyaona mengine."

Akamwonyesha mtu aliyekuwa amechuchumaa karibu na ngazi, akitafuna soya za kukaanga. Jina lake Moqi. Alikuwa mtu wa milimani, wa kabila lililofukuzwa na Waqiu kwenye malisho yao, na alikuwa amepanda lile jabali kwa mikono mitupu ili kuuza habari kwa chumvi. Akaeleza kwa lugha ya Danfu iliyovunjikavunjika kwamba Waqiu walikuwa wakikusanya mawe juu ya Korongo Jembamba, kuta zote mbili, mawe makubwa kama mafahali. Peng angepita humo, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee aliyoijua.

"Kuna njia nyingine," Moqi alisema. "Njia ya Mbuzi. Inapita juu, nyuma ya mgongo wa mawe yao. Magari ya farasi hayapiti. Miguu inapita."

Bibi Rong akamgeukia Zhuo. "Peng hataamini tena neno la mdomo wala jiwe la kijani. Nataka kitu ambacho Mqiu hawezi kukiiga. Waqiu hawajui alama."

Kuhani Ji alielewa kabla Zhuo hajafungua kinywa. "Bibi, jambo hilo haliwezekani. Alama si za walio hai."

"Watu mia nane hapa ndani ni hai. Elfu mbili wa Peng ni hai. Wote wakifa, mwalimu, ndipo tutaruhusiwa kuwaandikia?"

"Sheria haikuwekwa na mimi."

"Najua. Ndiyo maana sikuulizi wewe."

Zhuo alitazama chini ya ukuta. Moshi wa kambi za Waqiu ulipanda wima. Aliogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na aliona haya kukitambua: furaha. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiwasemesha watu wasiojibu ila kwa nyufa.

"Lun ataweza kusoma," alisema. "Nipeni mfupa uliokauka vizuri."

Ji akamtazama, akageuka, akashuka ngazi.

Moqi alipotumwa kutafuta kamba, Bibi Rong alisema taratibu maneno aliyotaka, na Zhuo akayahesabu kwa vidole. *Usije kwa korongo, utaviziwa. Njoo kwa njia ya mbuzi. Rong yu hai.* Kisha akaongeza sauti ikiwa chini zaidi: "Andika pia, mwongozaji afungwe. Njia ikiwa ya uongo, auawe."

"Ametusaidia, Bibi."

"Ametuuzia habari. Pengine na Waqiu wanayo chumvi. Wewe utakwenda naye na utamlinda, lakini Peng lazima awe na dhamana. Andika."

Zhuo aliketi na kisu cha kuchongea, mfupa juu ya magoti. Mlima ulikuja wenyewe, vilele vitatu. Mbuzi, pembe zake mbili. Jeshi, mto, mwezi. Mkono wake ulikwenda haraka kuliko ulivyowahi kwenda hekaluni. Kisha akafika kwenye neno la kuvizia, akakwama. Haikuwapo alama yake. Hakuna mfalme aliyewahi kuwauliza mababu juu ya kuviziwa. Waliuliza kheri au shari, basi. Akafumba macho. Akachora mlima upande huu na mlima upande ule, mtu katikati, na juu ya kila mlima jicho moja. Alama hiyo ilikuwa haijapata kuwapo duniani. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mchanga, hajui atafanana na nani.

Alipokuwa akichonga mstari wa mwisho, Moqi alirudi na kamba, akachungulia begani kwake.

"Hiki ni nini?" akauliza, akigusa kwa kidole kilichojaa vumbi la soya.

"Mtu," alisema Zhuo.

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Moqi akatikisa kichwa kwa heshima, akaendelea kutafuna.

Walishuka jabali alfajiri iliyofuata, ukungu ukiwafunika. Zhuo hakuwa mtu wa milima. Viganja vilichunika, na mfupa uliofungwa mgongoni kwa kitambaa cha hariri ulimgonga uti wa mgongo kila alipopiga hatua. Moqi alikwenda mbele bila kugeuka, akisema tu "mguu hapa" na "usitazame chini." Siku nzima walitembea, na kesho yake wakaendelea. Mchana walipita juu ya makambi mawili ya Waqiu, karibu mno hata wakasikia watu wakibishana juu ya nyama. Zhuo alitaka kwenda, kwenda, asisimame hata kunywa maji. Moqi ndiye aliyemkalisha chini kwa nguvu.

"Ukikimbia, unaanguka," alisema. "Ukianguka, nani atasema na jeshi lako?"

Na kweli alianguka. Ilikuwa saa tisa ya siku hiyo ya pili. Doria ya Waqiu ilitokea kwenye kilima cha mbele, wakajitupa kwenye mteremko wa changarawe, na changarawe ikaondoka nao. Moqi alishika mzizi. Zhuo aliteleza mpaka chini, akasikia mfupa wa mguu wake ukikatika, sauti ileile ya mfupa wa ng'ombe motoni.

Doria ikapita. Moqi akamburuta mpaka kwenye pango fupi, akafunga mguu kwa vijiti viwili na mshipi wake mwenyewe. Kutoka mdomoni mwa pango waliona chini wazi: mto, njia, na pale njia ilipogawanyika, tawi moja likiingia Korongo Jembamba, jingine likipotea kwenye mawe.

"Nipe," alisema Moqi, akinyoosha mkono.

Zhuo alikuwa ameushika mfupa kifuani. Akijua kilichoandikwa, huyu atautupa mtoni na kwenda zake, na nani angemlaumu? Asipojua, atakwenda kwa miguu yake mwenyewe kupeleka kamba ya kujifungia.

"Ni mzito?" Moqi aliuliza, kwa kuwa hakuelewa kwa nini mwenzake anasita.

"Si mzito," alisema Zhuo, akampa. "Mtafute Lun. Mwambie amekutuma Zhuo. Usimwonyeshe mwingine yeyote kabla yake."

Moqi akamwachia kiriba cha maji na soya zote zilizobaki, akashuka.

Siku mbili Zhuo alilala pale, ikiwa kulala ndilo jina lake. Mguu ulivimba na kuwaka. Lakini kilichomtesa zaidi ni ile alama. Kila alipoifikiri ilibadilika. Jicho juu ya mlima: ameweka jicho kwa maana ya adui anayetazama. Lakini hekaluni jicho lilikuwa alama ya kuona, na mtu katikati ya milima ni mtu katikati ya milima. Je, Lun akisoma, *utamwona mtu kati ya milima*? Akidhani ni Bibi Rong anayesubiri ndani ya korongo? Basi yeye Zhuo, kwa mkono wake, atakuwa amewaita watu elfu mbili waje wafe. Alijaribu kusimama, akaanguka. Alichora alama ile kwenye vumbi la pango namna saba, akiitafuta ambayo isingeweza kukosewa, na kila moja aliyoichora ilikuwa na namna yake ya kukosewa. Alizifuta zote kwa kiganja, akaanza upya.

Asubuhi ya siku ya tatu aliona vumbi. Kisha akaona bendera nyekundu za Peng zikija kando ya mto, magari ya farasi mbele, mishale ya jua ikicheza juu ya shaba. Waliposimama kwenye njia panda Zhuo aliuma mkono wake asipige kelele, kwa kuwa Waqiu walikuwa juu ya korongo, wamelala kifudifudi nyuma ya mawe, naye aliwaona kama chungu.

Jeshi lilisimama muda mrefu. Kisha magari yakaanza kwenda. Yakaingia korongoni.

Zhuo akaweka uso wake juu ya mchanga. Hakulia. Alisema tu jina la Lun mara mbili tatu, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Mawe yalipoanza kuporomoka ardhi ilitetemeka hata chini ya pango, farasi wakalia, na vumbi likajaa korongo mpaka juu. Waqiu wakasimama wote wakishangilia, mikuki juu.

Na hapo, nyuma yao, kutoka mahali ambapo hapakuwa na njia, askari wa Danfu walitokea wakikimbia kimya, miundu mirefu ya vita mikononi, mamia kwa mamia. Magari yaliyoingia korongoni yalikuwa kumi tu, yakiburuta matawi ya miti ili kuinua vumbi la jeshi zima. Watu arobaini waliyaendesha kwa hiari yao. Tisa ndio waliotoka.

Vita vilikwisha kabla ya adhuhuri. Waqiu waliobaki walikimbia, na Bibi Rong alipofungua milango ya Shikou hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Lun ndiye aliyempata Zhuo. Alipanda mpaka pangoni akihema, mtu mnene asiyezoea milima, akaketi karibu naye.

"Ile alama ulisomaje?" Zhuo akauliza.

"Ipi?"

"Milima miwili. Mtu katikati."

"Ah, ile." Lun akafuta jasho. "Ilinisumbua saa nzima. Nikaona mdomo. Milima ni taya, zile duara mbili ni meno, na mtu anamezwa. Nikamwambia Bwana Peng, korongo litatumeza."

"Yalikuwa macho."

"Macho ya nani?"

Zhuo akaanza kucheka, mguu ukamuuma, akaendelea kucheka. Kisha akakumbuka jambo. "Na Moqi?"

Lun akatazama pembeni. "Nilisoma mstari wa mwisho kama ulivyoandika. Walimfunga kwenye gurudumu usiku kucha, kisha akatuongoza njiani mikono yake ikiwa imefungwa. Sasa ameachiwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini alifungwa. Nadhani amefikiri ndivyo tunavyowapokea wageni."

Mfalme wa Danfu alifurahi, na makuhani wakaudhika. Walipofika mji mkuu Zhuo aliwekwa mbele ya hekalu, magongo kwapani. Bibi Rong alisema yeye ndiye aliyeamuru. Wakamjibu kwa adabu kwamba amri ni yake lakini mkono ni wa Zhuo. Ikaamuliwa mababu waulizwe. Aliyeshika kijinga cha moto alikuwa Kuhani Ji.

Mfupa ukalia, ukapasuka. Watu wote waliokuwa karibu waliona ufa umekwenda moja kwa moja kushoto, na ufa wa namna hiyo kila mtu alijua maana yake: kifo. Ji aliutazama muda mrefu kuliko kawaida. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kavu kama siku zote.

"Mababu wanasema aondoke," alitangaza. "Hawakusema zaidi ya hapo."

Hakuna aliyethubutu kumbishia kuhani mzee kuhusu ufa. Zhuo alimtazama mwalimu wake apate kumshukuru hata kwa macho, lakini Ji alikuwa tayari amegeuka na kuosha mikono.

Mfupa wa Shikou ukasagwa. Mahali pake Lun aliamriwa achonge mwingine wa kuhifadhiwa ghalani, nao ulisema: *Mababu waliigeuza miguu ya jeshi. Kheri kuu.* Hapakuwamo jina la mchongaji, wala la watu arobaini, wala la mtu wa milimani.

Moqi alikuwa akingoja nje ya lango la magharibi na mbuzi wawili na mfuko wa chumvi aliyolipwa. Alisema njia ya kwao ni moja na ya uhamishoni, basi waende pamoja. Siku nne walitembea taratibu kwa ajili ya mguu wa Zhuo. Siku ya tano, walipokaa kupumzika penye kijito, Zhuo alishindwa kuvumilia.

"Ule mfupa uliobeba," alisema. "Ulikuwa na maneno juu yako."

Moqi alitabasamu. "Ulisema nini?"

"Ulisema ufungwe. Na njia yako ikiwa ya uongo, uuawe."

Maji ya kijito yalikuwa na sauti kubwa mahali pale. Moqi alikaa akitazama mikono yake.

"Ulijua ulipoandika," alisema.

"Nilijua."

"Na pangoni, uliponipa."

"Nilijua."

Moqi akasimama. Akachukua magongo ya Zhuo yote mawili, akaondoka nayo na mbuzi wake, akapanda njia bila kugeuka. Zhuo hakumwita. Alikaa pale jua likizunguka, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki hakutaka kwenda popote.

Jua lilipokuwa limeinama, magongo yalianguka mbele yake kwa kishindo.

"Sikurudi kwa ajili yako," Moqi alisema kutoka juu ya njia. "Watu wetu wanabeba mizigo ya watu wa bondeni kila siku. Wanabeba, hawajui wanabeba nini. Utawafundisha wote, wake kwa waume. Ukikataa, baki hapo."

Zhuo akajiinua.

Aliishi milimani miaka kumi na sita, akifundisha juu ya mchanga, juu ya magome ya miti, juu ya ngozi za mbuzi. Danfu ilikwisha kuanguka yeye akiwa bado hai. Ghala la mifupa likaungua, na ule wa kheri kuu ukaungua humo. Hata alama ya mtu kati ya milima hakuna ajuaye kama iliwahi kuandikwa tena. Lakini wasafirishaji waliopita nchi ile vizazi vingi baadaye walilalamika juu ya desturi moja ya wapagazi wake, ambayo hata kwa chumvi nyingi hawakukubali kuiacha: hapokei mtu barua ya kupeleka mpaka ifunguliwe na kusomwa mbele yake.